Maswali ya Wasomaji: Kukwea Mawe ya Mwanza Pamoja na Watoto

Kwa kawaida ukurasa huu hupokea maswali ya kila namna, lakini safari hii barua kadhaa kutoka Mwanza na Ukerewe zimeangukia jambo moja, nalo ni kukwea mawe kama burudani ya familia. Tumeziweka pamoja na kuzifupisha pale ilipobidi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Kamba ya mvuvi

SWALI: Ndugu mhariri, ninaishi Nyegezi na nina watoto watatu wenye umri wa miaka 6, 9 na 13. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana hupotelea kwenye mawe yaliyo nyuma ya nyumba yetu, na nimechoka kuwafukuza kwa fimbo. Nimeona katika televisheni kwamba kukwea sasa ni mchezo wa Olimpiki, nikaona ni afadhali niwe mwenzao kuliko kuwa askari wao. Rafiki yangu mvuvi ameahidi kunipatia kamba ya manila kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Je, kamba hiyo itafaa, na tuanzie wapi? — Baba wa watoto watatu, Nyegezi

JIBU: Tunaanza na kamba, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuua: haifai hata kidogo, na tunakuomba umshukuru rafiki yako na kumrudishia. Kamba za kukwea hufumwa kwa nailoni, zikiwa na kiini cha nyuzi nyingi kilichozungushiwa ala ya kusukwa, na hutengenezwa makusudi ili zinyumbuke mtu anapoanguka, nguvu ya anguko ipungue hatua kwa hatua badala ya kuupiga mwili wake kwa mshtuko mmoja. Kamba ya manila inayouzwa mialoni siku hizi kwa kawaida ni ya plastiki nyepesi, iliyokusudiwa kuelea majini na kuvuta nyavu na mitumbwi. Hainyumbuki inavyotakiwa, utelezi wake hulegeza mafundo, jua la ziwani huidhoofisha mwezi baada ya mwezi, na joto la msuguano huiharibu mapema. Plastiki hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi, ilhali nailoni hustahimili hadi zaidi ya 210. Kamba iliyouvuta mtumbwi wenye dagaa hadi ufukweni imetimiza kazi yake yote, na kumdaka mtoto hakumo katika kazi hiyo.

Lipo tatizo la pili ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza. Familia isiyo na kamba hukwea kwa hofu, na hofu hiyo huiweka karibu na ardhi. Familia iliyoshika kamba isiyoielewa hupanda hadi mahali ambapo isingethubutu kufika, ikiegemea kitu ambacho siku ya haja hakitaishika. Kwa hiyo hata kama ungepata leo kamba mpya ya kukwea, tungekushauri uiache ndani ya mfuko wake hadi apatikane mtu wa kukufundisha, jambo tunalolieleza katika jibu la barua nyingine hapa chini.

Habari njema ni kwamba huhitaji kamba. Kukwea kuliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021, na mojawapo ya namna zilizoshindaniwa ni ile ya kukwea kuta fupi bila kamba yoyote, chini kukiwa na magodoro mazito. Kwa namna hiyo hasa, mji wenu hauhitaji kujengewa chochote. Kuanzia Nyegezi na Luchelele hadi Bwiru na Ilemela kuna mawe yenye kimo cha mtu au kimo na nusu, na familia inaweza kuyatumia kwa miaka bila kuyamaliza, kwa sababu jiwe moja lina njia nyingi: upande huu kwa mikono miwili, upande ule kwa mkono mmoja, na kona ile kwa kuanza ukiwa umekaa chini.

Sharti la kwanza ni kimo, na lifahamike kwa kila mtoto kabla hamjatoka nyumbani. Mtu anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 28 hivi kwa saa; kutoka mita 6 ni karibu kilomita 39 kwa saa. Watu wazima wazoefu hukubali kufika mita 4 au 5 wakiwa na magodoro maalumu chini yao. Kwa watoto wako tunapendekeza kipimo ambacho hakihitaji futi wala kamba ya fundi: miguu ya mtoto isivuke kifua chako ukiwa umesimama chini yake. Hapo utaweza kumfikia, naye ataweza kuruka bila kuumia. Wa miaka 13 atalalamika kwamba ameonewa. Mwache alalamike, kisha mpe njia ngumu zaidi katika kimo hicho hicho.

Sharti la pili ni ardhi, na hapa ndipo wazazi wengi husahau, kwa kuwa macho yote huwa juu. Kabla mtoto hajagusa jiwe, zungukeni chini yake mwondoe chupa zilizovunjika, visiki na vijiwe vinavyoweza kupindua kifundo cha mguu. Mkileta godoro la sponji kutoka nyumbani, jueni kwamba sponji laini hubonyea hadi chini mtu akilitua kwa nguvu, hivyo linapunguza michubuko tu na halimpi mtu kibali cha kupanda zaidi. Magodoro ya wakwea huwa na tabaka gumu juu na laini chini, ili uzito usambae kwanza. Magodoro mawili yaliyoachwa na pengo katikati ni mabaya kuliko kutokuwa na godoro, kwa sababu mguu huingia katika pengo hilo na kupinduka.

Anayesimama chini ana kazi, na asiifanye huku akitazama simu. Asimame na magoti yaliyolegea kidogo na mikono juu, vidole vikiwa pamoja ili visivunjike, na macho yake yafuate kiuno cha anayekwea badala ya mikono yake. Hamdaki mtu hewani. Anamwongoza tu ili atue kwa miguu, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha kichwa na mgongo havigongi jiwe. Mtoto wa miaka 9 hawezi kufanya kazi hiyo kwa kaka yake wa miaka 13, na wala asiombwe.

Kuhusu ukweaji wenyewe, mtoto akifundishwa mambo mawili atajifunza mengine peke yake. La kwanza ni kwamba anayempandisha ni mguu, kwa hiyo atazame anapoweka kidole gumba cha mguu hadi kiwe kimetua, badala ya kutazama juu na kupapasa kwa unyayo. Mawe ya Mwanza ni ya graniti yenye chembe kubwa zinazokwaruza, na kwenye miteremko yake laini soli tambarare ya raba hushika vizuri ajabu iwapo kisigino kimeshushwa na uzito uko juu ya mguu. Mtoto anayejilaza juu ya jiwe kwa woga ndiye anayeteleza. La pili ni kwamba hapandi mahali ambapo hajui atashukaje. Watu wengi huumia wakati wa kushuka, wakiwa wamechoka na wakiwa hawaoni miguu yao, kwa hiyo njia ya kushuka ichaguliwe kabla ya kupanda, na mtoto ashuke uso ukiwa umelielekea jiwe.

Kwa siku ya kwanza tungeacha kabisa mambo ya kwenda juu. Tafuteni jiwe refu la kwenda pembeni, mlizunguke kwa kushika na kukanyaga bila mguu kugusa ardhi, unyayo ukiwa nusu mita tu kutoka chini. Wa miaka 6 ataufurahia mchezo huo sawa na baba yake, na pengine atamshinda, kwa kuwa vidole vyake huingia katika nyufa ambazo vya mtu mzima haviingii.

Jiwe lenyewe nalo likaguliwe. Gonga kwa kifundo cha ngumi magamba yaliyojitokeza: gamba linalotoa sauti ya uwazi limeachana na mwili wa jiwe na linaweza kung'oka likiwa mikononi mwa mtoto. Epukeni mawe yenye masizi na vipande vyenye makali chini yake, kwa kuwa hayo yamechomwa moto na wapasua kokoto ili yafunguke, na nyufa zake haziaminiki hata kama zinaonekana ndogo. Nyuki ni hatari kuliko nyoka. Mkisikia mvumo ndani ya ufa, ondokeni kimya kimya, na wakishambulia msisimame kuwapiga bali kimbieni hadi ndani ya nyumba au gari. Nyoka kama kifutu hupenda kivuli cha mwanya, basi mkono usiingie mahali ambapo jicho halijafika. Pimbi na wale mijusi wenye vichwa vyekundu hawana neno, ila kinyesi cha pimbi huteleza.

Mwisho, vua pete na saa kabla ya kukwea. Pete iliyonasa kwenye jiwe mtu anapoanguka huweza kuchuna kidole chote, na hilo si tishio la kutia chumvi.

Ubao wa kuning'inia mlangoni

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 14 na amevutiwa sana na video za wakwea. Amepigilia ubao juu ya mlango wa chumba chake na kila usiku huning'inia kwa ncha za vidole. Sasa kidole chake cha kati kinamuuma kwenye kiungo, lakini anasema maumivu ni dalili ya nguvu kuongezeka. Je, ni kweli? Tena nina binti wa miaka 11 anayetaka kukwea na kaka yake; avae nini ili awe na heshima na usalama? — Mama, Ilemela

JIBU: Si kweli, dada, na ubao huo ushushwe leo. Mifupa ya kijana anayekua ina sehemu laini karibu na viungo ambazo ndizo zinazorefusha mfupa, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko kano na misuli inayoivuta. Kwa kijana wa kati ya miaka 12 na 16 hivi, mazoezi ya kuning'inia kwa ncha za vidole huweza kuivunja sehemu hiyo taratibu, na mara nyingi dalili ya kwanza ni maumivu kama hayo unayoyaeleza, kwenye kiungo cha katikati cha kidole cha kati, bila kuwepo siku moja ambayo kijana anaweza kusema aliumia. Akiendelea, kidole kinaweza kupona kikiwa kimepinda, au kikabaki kigumu. Mpeleke hospitali kidole kipigwe picha ya eksirei, na umweleze daktari waziwazi kuhusu ubao huo, maana asipoambiwa atadhani ni jeraha la mpira wa kikapu.

Jambo la kumweleza kijana ni kwamba nguvu ya vidole hujijenga yenyewe kwa kukwea mawe halisi ya aina nyingi, na kwamba makocha wanaowajali vijana huwazuia mazoezi mazito ya vidole hadi ukuaji ukamilike. Akae siku moja au mbili bila kukwea kati ya siku za kukwea, na abadilishe namna ya kushika.

Kuhusu binti, suruali pana isiyobana magoti na fulana ndefu zinatosha, na kama anajitanda ushungi uwe mfupi na ubanwe ndani ya vazi. Dera na kanga iliyofungwa kiunoni visivaliwe jiweni, kwa sababu mguu hukanyaga pindo na mtu hajui kilichomwangusha. Nywele ndefu zifungwe.

Jiwe lililokatazwa na wazee

SWALI: Wajukuu zangu wanaosoma Mwanza huja kwangu likizo na kupanda kila jiwe wanaloliona. Lipo jiwe hapa kwetu ambalo wazee wetu hawakuruhusu mtu kulikanyaga. Mwanangu anasema hayo ni mambo ya zamani yasiyo na maana. Niwaambieje wajukuu? — Bibi, Ukerewe

JIBU: Shikamoo bibi. Waambie jiwe hilo lina wenyewe, na kwamba mkwea mwenye adabu huuliza kabla ya kupanda. Hilo halihitaji kwanza kuamua nani mkweli kati yako na mwanao. Mahali pa matambiko na pa makaburi hapakwewi, na mgeni akikuta sadaka, sufuria kuukuu au kitambaa kilichofungwa chini ya jiwe, ageuke na kutafuta jingine. Kisiwani Ukara, jirani na kwenu, liko Jiwe Linalocheza ambalo watu husafiri kwenda kuliona, na mgeni mwenye heshima huwaona kwanza wenyeji kabla ya kulisogelea.

Tunaongeza, kwa faida ya wasomaji wa mjini, kwamba hata pasipo na mwiko mawe mengi yana mmiliki au mtumiaji: shamba la mtu, uwanja wa shule, hifadhi. Kisiwa cha Saanane kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na mawe yake hutembelewa kwa taratibu za hifadhi na kwa kufuata maelekezo ya askari wake. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani wakati wa ukoloni na ambalo limekuwa alama ya jiji zima, liachwe litazamwe. Nalo lingemfaa mkwea kidogo tu, kwa kuwa mizizi yake imo majini.

Jiwe juu ya jiwe

SWALI: Kwa nini mawe ya Mwanza yamepandana, moja juu ya jingine? Nani aliyapandisha, na je, tukikwea yanaweza kuanguka? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mabatini

JIBU: Hakuna aliyeyapandisha. Graniti ya Mwanza ilipoa kutoka katika mwamba wa moto ulioyeyuka, ndani kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na baadaye ikapasuka kwa nyufa za wima na za kulala zilizoigawa katika matofali makubwa. Maji ya mvua yalipopenya katika nyufa hizo yaliozesha mwamba, na kwa kuwa kona huliwa kutoka pande tatu kwa pamoja, kona ndizo zilizotangulia kuisha na matofali yakawa mviringo yakiwa bado chini ya udongo. Udongo ulipochukuliwa na maji, mawe yakabaki mahali pale pale yalipokuwa, la juu likiwa juu ya la chini.

Kwa hiyo jiwe kubwa lililokaa juu ya mwamba mtupu kwa kawaida limetulia. Hatari iko kwa jiwe ambalo bado limekalia udongo kwenye mteremko, hasa baada ya mvua au pale ambapo watu wamechimba msingi wa nyumba au wameondoa kokoto chini yake, na iko pia kwa yale madogo yaliyobanwa kati ya mawili makubwa, ambayo mkono huyashika kwa urahisi kwa sababu yanaenea kiganjani. Yatikise kwanza ukiwa chini, nawe ukiwa pembeni. Kisha kumbuka unakoishi: katika vilima vya Mabatini, Igogo na Isamilo nyumba zimejengwa katikati ya mawe, na jiwe la ukubwa wa nazi likichomoka linaweza kutoboa bati na kumkuta mtu kitandani. Pale ambapo kuna nyumba chini, hapakwewi.

Tumekuwa tayari kwa kamba?

SWALI: Mimi na mume wangu tumekuwa tukikwea mawe mafupi na watoto wetu wawili kwa muda mrefu, na sasa tunataka kwenda kwenye miamba ya mita 10 hadi 15. Tununue nini, na tufundishwe na nani? Tumeambiwa kwamba waongozaji wa Kilimanjaro wanaweza kutufundisha. — Mke na mume, Igoma

JIBU: Mwalimu atangulie vifaa. Waongozaji wa Kilimanjaro ni watu wenye ujuzi mkubwa wa kumtunza mgeni hadi Uhuru, mita 5,895, lakini njia zao za kawaida ni za kutembea, na kujua mlima si sawa na kujua kufunga nanga ya kamba, yaani mashiko ya juu ya mwamba yanayoibeba kamba. Wapo miongoni mwao waliosomea kazi ya kamba. Mkimpata mtu wa namna hiyo, mwombeni awaonyeshe bila haraka jinsi anavyofunga nanga juu ya mwamba, na mumuulize kwa nini kila kitu kimewekwa hapo. Anayejua hufurahia swali hilo. Anayewajibu kwamba amefanya hivyo miaka yote na hajawahi kupata ajali, mshukuruni na kuondoka.

Namna inayoifaa familia ni ile ambayo kamba hupanda kutoka kwa mshika kamba aliye chini, ikapita kwenye nanga juu ya mwamba na kushuka hadi kwa anayekwea, ili akiteleza aanguke kidogo tu. Nanga hiyo iwe na mashiko mawili yanayojitegemea, kwa mfano tepe mbili (mikanda imara ya kufungia) zilizozungushwa kwenye mawe mawili makubwa yasiyotikisika, ili moja likishindwa jingine libaki. Pembe kati ya tepe hizo iwe nyembamba: kwenye nyuzi 60 kila shiko hubeba karibu asilimia 58 ya uzito, na kwenye nyuzi 120 kila moja hubeba uzito wote, na hapo faida ya kuwa na mawili imepungua sana. Ukingo wa graniti ni msumeno, kwa hiyo nanga irefushwe ili kamba ipite mbele ya ukingo, na tepe zenyewe ziwekewe kipande cha turubai au mpira. Anayefunga nanga naye awe amejifunga, kwa sababu anayesimama juu ya mwamba bila kamba ndiye aliye hatarini kuliko wote siku hiyo.

Kuhusu ununuzi, tafuteni alama ya UIAA, ambalo ni shirikisho la kimataifa la wapanda milima lililoanzishwa mwaka 1932, au alama ya Ulaya ya EN 892 kwa upande wa kamba. Kamba ya unene wa milimita 10 na urefu wa mita 60 inawatosha na kubaki. Msinunue kamba, mkanda wa kukwelea unaovaliwa mwilini wala tepe za mitumba, hata zikionekana mpya, kwa kuwa nailoni iliyoharibiwa na jua au na asidi ya betri haionyeshi kovu, na watengenezaji wengi huzihesabia umri wa juu wa miaka 10 hata zikiwa zimekaa kabatini. Viatu vya kukwea vya mitumba ni halali kabisa. Kila mtu avae helmeti ya kukwea. Ile ya bodaboda ni nzito, huziba masikio na humzuia mtu kutazama juu. Mtoto ambaye nyonga zake bado hazijajitokeza avae mkanda wa mwili mzima wenye mikanda ya mabegani, maana mkanda wa kiunoni peke yake unaweza kumtoka akipinduka kichwa chini.

Kabla ya kila mtu kuondoka ardhini, mwenzake amkague kwa macho na kwa mkono: fundo la namba nane, kifungio cha mkanda, kifaa cha kushikia kamba, na karabina, ile pete ya metali ya kuunganishia, iliyofungwa mlango wake. Wenye uzoefu wa miaka ishirini ndio wanaolisahau hilo, kwa sababu wanazungumza huku wakifunga. Ncha ya pili ya kamba ifungwe fundo, ili isije ikapita kwenye kifaa mnapomshusha mtu. Mkono wa breki wa mshika kamba, yaani ule unaoizuia kamba isikimbie kwenye kifaa, hauachi kamba kwa sababu yoyote, wala kwa nzi wala kwa simu. Mtoto wa kilo 30 asimshike baba wa kilo 80. Na kwa mita chache za kwanza kamba ikazwe zaidi kuliko inavyoonekana lazima, kwa kuwa hunyumbuka, na anayeteleza akiwa chini anaweza kugusa ardhi hata akiwa ameshikwa vema.

Jambo moja tunalikataa bila mjadala: msitoboe jiwe na kupigilia vyuma bila ruhusa ya mwenye eneo na bila fundi anayejua. Chuma kilichowekwa vibaya hubaki pale kikimsubiri mgeni atakayekiamini.

Saa, radi na maji ya ziwa

SWALI: Ni miezi ipi na saa ngapi inafaa kukwea huku kwetu? Watoto wetu pia hupenda kuruka ziwani wakimaliza, kwa kuwa mawe yako karibu na maji. — Baba na mama, Luchelele

JIBU: Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora, kwa kuwa ni mikavu. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na za masika za Machi hadi Mei hazikatazi kukwea, maana graniti hukauka upesi, ila ukoga na kuvu vinavyoota juu yake huteleza vikiwa vimelowa hata kama jiwe lenyewe limekauka pembeni. Kweeni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, au baada ya saa kumi jioni. Adhuhuri jiwe huunguza nyayo na vidole hutoka jasho.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na kilima cha mawe matupu ni mahali pabaya pa kuwa nazo. Mkihesabu kuanzia mwanga hadi ngurumo na hesabu haijafika sekunde 30, umeme uko ndani ya kilomita 10. Shukeni na kuingia nyumbani au ndani ya gari, na msirudi hadi nusu saa ipite bila ngurumo. Msijifiche chini ya mwamba unaoning'inia wala ndani ya ufa, kwa sababu umeme hupita juu ya jiwe na kuvuka uwazi huo.

Kuhusu kuruka ziwani, jibu ni hapana. Kichocho kimeenea katika pwani ya Mwanza, na vijidudu vyake, vinavyotoka kwa konokono wa maji ya ukingoni, huingia kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Mamba nao wapo katika sehemu za ukingo zenye matete. Watoto ambao tayari huoga humo wapelekwe kupimwa choo na mkojo, na wakikutwa na ugonjwa watapewa dawa ya prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wao. Siku ya kukwea bebeni dumu la maji ya bomba na sabuni, na vidole vilivyochubuliwa na jiwe vioshwe kabla ya kugusa mihogo na samaki mliofungasha.